Namna ya Kuandika Barua ya Kufunga Mwaka: Mwongozo kwa Mheshimiwa Mbunge wa Pennsylvania

Mwaka unakwisha, Mheshimiwa. Mti wa Krismasi umeshasimikwa chini ya kuba la kijani la jengo la Bunge pale Harrisburg, na kazi iliyobaki ni moja tu, isiyo na mjadala wala kura: barua ya kufunga mwaka kwa wananchi wa eneo lako. Wao hawajaiomba. Itawafikia hata hivyo, imechapwa kwa rangi kwenye karatasi ya kung'aa, itajibana kwenye sanduku la barua kati ya bili ya umeme na tangazo la piza, na gharama zake wameshazilipa wenyewe kupitia kodi.

Usiidharau kazi hii. Bunge la jimbo lako lina wawakilishi 203 na maseneta 50, na katika mabunge yote ya majimbo ya Marekani ni lile la New Hampshire pekee, lenye watu 424, linalolizidi kwa wingi. Lakini mbunge wa New Hampshire hulipwa dola 100 kwa mwaka, kwa hiyo hakuna anayemdai maelezo marefu. Wewe mwakilishi wa Pennsylvania unalipwa zaidi ya dola 110,000 na una watu kama 64,000 wa kuwaridhisha. Mtu wa mshahara huo hana budi kuonekana amefanya jambo. Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza, lakini wahenga hawakuwa na uchaguzi kila baada ya miaka miwili.

Fuata hatua hizi kwa utaratibu wake.

Hatua ya 1: Picha kwanza, maneno baadaye

Ukurasa wa mbele uwe na picha nne. Ya kwanza ni yako na familia, wote mmevaa masweta. Mbwa akiwepo naye awemo, na akiwa wa aina ya Great Dane hiyo ni baraka, kwani huyo ndiye mbwa rasmi wa Pennsylvania tangu 1965. Utakuwa umeonyesha uzalendo bila kufungua kinywa. Ya pili, simama na wazimamoto wa kujitolea. Ya tatu ipigwe kiwandani. Vaa helmeti mpya na miwani ya kukinga macho, nyosha kidole kuelekea kitu kisichoonekana kwenye picha, na mwenye kiwanda aitikie kwa kichwa kana kwamba ndiyo kwanza anakiona.

Ya nne ipigwe kwenye ngazi za marumaru za jengo la Bunge. Jengo ni zuri kweli, na Rais Theodore Roosevelt mwenyewe alikuja kulizindua Oktoba 1906. Historia hiyo ikomee hapo. Ukiendelea mbele kidogo utafika mahali ilipobainika kwamba samani na taa zake zilinunuliwa kwa bei za kuruka, na mbunifu wa jengo pamoja na wenzake wakafikishwa mahakamani na kutiwa hatiani. Si habari za sikukuu hizo.

Hatua ya 2: Hesabu miswada, usihesabu sheria

Katika kila kipindi cha miaka miwili Bunge lako hupokea miswada kwa maelfu, na inayofika kuwa sheria ni mia chache. Ukianza kuhesabu sheria zako mwenyewe, huenda vidole vya mkono mmoja vikabaki bila kazi. Kwa hiyo hesabu miswada uliyowasilisha, kisha ongeza uliyounga mkono. Kuunga mkono mswada wa mwenzako hakuhitaji zaidi ya saini, na saini haiishi.

Kuna njia nyepesi zaidi. Kabla mswada haujaandikwa, mbunge wa Pennsylvania hutoa waraka wa kuwaarifu wenzake kwamba ana nia ya kuuleta na anatafuta wa kumuunga mkono. Nia hiyo ni habari tosha. Andika: "Nimetangaza mpango wa kupunguza kodi ya majengo." Mwananchi atasoma kwamba kodi imepunguzwa. Usimsahihishe, kumkatiza mtu aliyefurahi ni utovu wa adabu.

Mwaka huu wa 2025 ni nusu ya kwanza ya kipindi, kwa hiyo mswada uliokwama kwenye kamati tangu Februari uandikie kwamba "unaendelea kushughulikiwa". Mwakani, ifikapo Novemba 30, miswada yote ambayo haijapita itakufa kwa pamoja, nawe utaandika kwamba utauleta wako upya kwa nguvu mpya. Mswada mmoja mzuri, ukitunzwa vyema, unaweza kukulisha barua kumi.

Na kama huna sheria hata moja, kuna madaraja. Kulipatia daraja jina la askari au mzimamoto aliyefariki kazini ni jambo la heshima, familia hufarijika, na hakuna anayelipinga. Jina lizungumzie kwa kirefu. Hali ya daraja lenyewe waachie wahandisi. Januari 28, 2022, daraja la Fern Hollow mjini Pittsburgh, ambalo kwa miaka lilikuwa likipewa alama ya hali mbaya kwenye ukaguzi, liliporomoka basi likiwa juu yake, na ilikuwa siku ileile Rais Joe Biden alipokuwa akienda mjini humo kuzungumzia miundombinu. Bahati njema hakuna aliyekufa. Ukaguzi ulikuwepo, kwa maandishi. Kilichokosekana ni ukarabati, na ukarabati haupendezi kwenye picha.

Daraja nalo likikosekana, tafuta mnyama. Mwaka 2019 wanafunzi wa jimbo lako walihangaika mpaka salamanda mmoja mkubwa wa mitoni, mwenye utelezi na sura isiyo na mvuto, akatangazwa kisheria kuwa amfibia rasmi wa Pennsylvania. Watoto ndio waliofanya kazi, wabunge wakapata cha kujivunia.

Hatua ya 3: Ingia na hundi

Kurasa za katikati ni za hundi. Si ile ya benki. Namaanisha ile ya karatasi ngumu inayohitaji watu wanne kuishika, yenye tarakimu zinazosomeka kutoka ng'ambo ya barabara.

Fedha zenyewe mara nyingi zina safari ndefu. Sheria ya 2004 iliruhusu mashine za kamari Pennsylvania, na sehemu ya kodi ya mashine hizo hurudi kwenye miji na kaunti kama ruzuku za kununulia gari la zimamoto, kukarabati mabomba au kutengeneza uwanja wa kuchezea watoto. Kwa hiyo mstaafu aliyeacha dola zake kwenye mashine Jumamosi usiku amechangia gari la zimamoto. Karani wa mji ameandika maombi, na bodi ya serikali imeyapigia kura. Wewe umefika siku ya picha. Hata hivyo andika: "Nimeleta fedha hizi nyumbani."

Kanuni ya viwakilishi ni rahisi. Ruzuku ikipatikana, ni "mimi". Ikikosekana, ni "bodi". Na kama fedha hizo zimetokana na sheria uliyoipinga kwa kura, kata utepe kwa makasi makubwa zaidi.

Hatua ya 4: Bajeti ieleze kama hali ya hewa

Hapa ndipo penye kazi, Mheshimiwa, maana mwaka huu mmechelewa na kila mtu anajua.

Mwaka wa fedha wa Pennsylvania huanza Julai 1, na bajeti inatakiwa iwe tayari Juni 30. Ya mwaka huu, ya dola bilioni 50.1, Gavana Josh Shapiro aliitia saini Novemba 12. Katikati hapo ilipita miezi minne na ushee. Katika Baraza la Wawakilishi Democratic wana viti 102 na Republican 101. Katika Seneti Republican wana 27 na Democratic 23. Kila upande ulikuwa na mlango wa kufunga, na kila upande uliufunga. Wakati huo wilaya za shule, kaunti na mashirika yanayohudumia wazee, watoto na waathirika wa ukatili yalikuwa yakisubiri fedha. Wengine walikopa, wengine wakala akiba, wengine wakapunguza wafanyakazi. Riba ya mikopo hiyo hailipwi na aliyechelewa.

Yote hayo yaweke katika sentensi moja: "Baada ya majadiliano marefu, bajeti imepatikana." Sentensi hiyo ihifadhi. Haina mtu ndani yake. Bajeti ilichelewa kama mvua za vuli zinavyochelewa, kisha ikanyesha.

Ukishavuka hapo, chagua ushindi wako. Kama wewe ni Republican, andika kwamba umeiokoa Pennsylvania kwa kuiondoa kwenye mpango wa majimbo wa kutoza mitambo ya umeme kwa hewa ukaa inayotoa. Usiongeze kwamba, kutokana na kesi mahakamani, jimbo halikuwahi kuanza kuutekeleza mpango huo. Kutoka mahali ambapo hukuwahi kuingia ni ushindi usio na majeruhi. Kama wewe ni Democratic, andika kuhusu nafuu mpya ya kodi kwa wafanyakazi wa kipato cha chini, sawa na asilimia 10 ya ile wanayopata kutoka serikali kuu. Barua hizo mbili zitawafikia majirani wa mtaa mmoja wenye wabunge tofauti, na kila mmoja ataamini kwamba zilipitishwa bajeti mbili.

Abiria wa mabasi na treni za SEPTA kule Philadelphia, waliokuwa wakingojea chanzo kipya cha kudumu cha fedha, hawakukipata katika bajeti hiyo. Huna haja ya kulitaja. Wao watalitaja.

Mtu akikung'ang'ania kuhusu ucheleweshaji, una majibu mawili. La kwanza ni Washington: Novemba 12 ndiyo siku ileile serikali kuu ya Marekani ilipofunguliwa baada ya kufungwa kwa siku 43, kwa hiyo unaweza kuzichanganya habari hizo mbili mpaka msomaji asijue ni nani hasa aliyefunga nini. La pili ni historia: bajeti iliyotakiwa Juni 2015 ilikamilika Machi 2016. Ukilinganisha na wenzako wa mwaka huo, nyinyi mmekwenda mbio.

Hatua ya 5: Kibaya kina mwenyewe, na mwenyewe si wewe

Januari hii inayokuja ushuru wa barabara kuu ya Pennsylvania Turnpike utapanda tena kwa asilimia 4. Umekuwa ukipanda kila mwaka tangu 2009, na madereva wa malori wanalijua hilo kuliko sala zao. Barua yako ionyeshe mshangao na huruma. "Nasikitishwa na uamuzi wa Tume ya Turnpike" ni maneno mazuri.

Usiwakumbushe kwamba mwaka 2007 Bunge lilelile unalokaa lilitunga sheria ya kuibebesha Tume mzigo wa kupeleka mamilioni ya dola kila mwaka kwa idara ya usafirishaji. Sehemu ya fedha hizo ilitegemewa itokane na ushuru kwenye barabara ya I-80, serikali kuu ikakataa ushuru huo, na mzigo haukuondoka. Tume ikakopa, na deni hulipwa na anayepita Turnpike. Wabunge walioiandika sheria hiyo wengi wameshastaafu, nao huona ushuru umepanda mno.

Hatua ya 6: Uliza maoni ambayo tayari unayo

Barua isiyo na dodoso ni barua ya mtu asiyesikiliza watu. Weka maswali matano yenye kukatwa na kurudishwa kwa posta. Swali zuri ni lile ambalo mtu mwenye akili timamu hawezi kulijibu "hapana". Kwa mfano: "Je, unakubali kwamba shule ziwe bora na kodi iwe ndogo?" Au: "Je, serikali ipunguze matumizi mabaya?" Kamwe usiulize: "Ili shule ya kijijini kwako ipate fundi wa kubadilisha paa, uko tayari kodi ipi iongezwe?" Hilo ni swali la bajeti, na la bajeti tumeshalimaliza kwenye Hatua ya 4.

Majibu yakirudi, yatangaze endapo yanakubaliana nawe. Yasipokubaliana, washukuru wote walioshiriki.

Hatua ya 7: Kuna neno moja usiliandike

Neno hilo ni mshahara. Wako hupanda wenyewe kila mwaka kulingana na gharama za maisha, bila wewe kunyanyua mkono, na utaratibu usiohitaji mkono haustahili aya.

Waliowahi kunyanyua mkono walijifunza. Julai 7, 2005, kama saa nane usiku, bila mjadala wa hadhara, Bunge la Pennsylvania lilijipandishia mshahara kwa asilimia 16 na kuendelea, na kwa viongozi ikawa zaidi. Walidhani raia wamelala, na ni kweli walikuwa wamelala, lakini waliamka asubuhi. Mwanaharakati mmoja alisimamisha kwenye ngazi za Bunge nguruwe mkubwa wa rangi ya waridi, wa kujazwa hewa, na nguruwe huyo akapigwa picha kuliko mbunge yeyote wa mwaka ule. Kufika Novemba nyongeza ikafutwa. Mei 2006 wabunge 17 waliokuwa madarakani walianguka katika kura za mchujo za vyama vyao, wakiwemo vigogo wawili wa Seneti. Tangu hapo, kila mbunge wa Harrisburg anajua saa nane usiku ni saa ya kulala.

Hatua ya 8: Habari za jamii zikae nyuma kabisa

Sasa umefika ukurasa wa mwisho, na unayo mabaki ambayo hayana picha yako. Yapange kwa herufi ndogo.

Anza na shughuli. Utakuwa na siku ya kusaga karatasi bure, ambapo wananchi huleta nyaraka za zamani zenye siri zao zikateketezwa na mashine. Usisimame karibu sana, usije ukaona barua yako ya mwaka jana ikitangulia. Utakuwa na maonyesho ya huduma kwa wazee, yenye chanjo ya mafua na kalamu zenye jina lako. Mwalike kila mtu kwenye Farm Show ya Harrisburg mwezi Januari, maonyesho ya kilimo ambayo kiingilio chake ni bure na maegesho ndiyo yanayolipiwa. Pale kuna sanamu iliyochongwa kwa siagi yenye uzito wa kama ratili 1,000. Piga picha nayo pia. Itakuwa kazi pekee ya mwaka unayoweza kuthibitisha kwamba ina uzito.

Kisha, chini kabisa, mahali ambapo mkunjo wa karatasi unapita juu ya maandishi, weka yafuatayo kwa haraka. Kuna mpango wa kurudishiwa sehemu ya kodi ya majengo au ya pango, kwa wenye kipato kidogo waliotimiza miaka 65, wajane na wagane kuanzia miaka 50, na watu wazima wenye ulemavu. Kiwango cha juu cha kawaida ni dola 1,000, na mwisho wa kuomba kwa mwaka huu ni Desemba 31. Kuna msaada wa gharama za kupasha nyumba joto, ambao safari hii ulichelewa kufunguliwa mpaka Desemba 3. Kuna mabilioni ya dola katika hazina ya jimbo, akaunti na amana zilizosahauliwa na wenyewe, na kutafuta jina lako humo hakuna malipo. Kuna namba ya simu ya ofisi yako mtaani, ambako karani humsaidia mtu kujaza fomu zote hizo bila kumtoza senti.

Usizipandishe habari hizo ukurasa wa mbele. Zitaisukuma pembeni picha ya mbwa.

Neno kwa aliyeipokea barua

Nawe ndugu msomaji uliyeikuta barua hii sandukuni Erie, Lancaster au Pittsburgh, iwe ulifika kutoka Bukavu, Bujumbura, Mombasa au Mwanza, usiitupe. Igeuze. Anza na ukurasa wa mwisho, kwani mtaka cha mvunguni sharti ainame, na mvunguni mwa barua hii mna fedha halali za mama mzee anayepanga nyumba na kuogopa kuwasha hita. Mpeleke ofisini kwa mbunge kabla Desemba haijaisha. Pale hakuna atakayemuuliza alimpigia nani kura, na karani anayemjazia fomu hulipwa kwa kazi hiyo.

Ukishamaliza, ingia kwenye tovuti ya Bunge la Pennsylvania. Kura za wabunge zimo, mswada kwa mswada, jina kwa jina, bila masweta. Chagua kura moja inayogusa shule ya watoto wako au basi unalopanda kwenda kazini, kisha mwandikie Mheshimiwa mistari miwili: ulipigaje kura hii, na kwa nini? Atakachojibu ndiyo taarifa yako ya mwaka. Viti vyote 203 vya wawakilishi vitagombewa tena Novemba 3, 2026.